Mama Satini na Spika Mbili Ndogo

Mtu akiingia dukani kwangu kutafuta vyombo vya muziki, swali lake la kwanza huwa ni nguvu. Hii ina wati ngapi? Itasikika hadi barabarani? Simkatalii. Nilianza kwa kuuza betri na waya juu ya gunia, gunia likawa kibanda, kibanda kikawa duka, na katika safari yote hiyo sijawahi kumzuia mteja kununua kikubwa. Wateja wengine hunishusha bei. Mama Satini alinishusha ukubwa, na ndiyo maana namwandika.

Chumba chake cha kushonea kinatazamana na duka langu, kimebanwa katikati ya mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea mageti. Anashona magauni ya maharusi, na jina lake limetoka kwenye kitambaa. Midomo yake hushika pini muda wote wa kazi, kwa hiyo ukimsemesha unajibiwa kwa nyusi. Futi ya kupimia haitoki shingoni. Mumewe husema siku ya kwanza alipomwona alidhani ni mkufu.

Gitaa alilipata kwa mpangaji aliyehama na kuacha nusu ya vitu vyake. Lilikuwa la nyuzi za nailoni, na nyuzi hizo ndizo zilizomfanya asilitupe. Zamani alikuwa amejaribu gitaa la kaka yake, la nyuzi za chuma, akaota sugu kwenye ncha za vidole, na sugu zikaanza kukwaruza na kuvuta satini. Fundi wa satini mwenye sugu ni kama mpishi mwenye mafua. Kazi atafanya, ila wewe usikae karibu na sufuria.

Alikuwa akipiga umeme ukikatika tu. Ukikatika, cherehani yake hulala, yeye hutoa pini mdomoni na kushusha gitaa ukutani. Hakuna aliyemfundisha kwa utaratibu, lakini mtu mwenye vidole vya kupinda upindo wa shela hahitaji kuambiwa mara mbili uzi uko wapi. Alikuwa anapiga polepole, kila sauti ikipewa nafasi yake, na mimi upande wa pili wa barabara nilikuwa nasikia yote. Muuza mitumba wa kona alikuwa anasikia. Tukawa tunasema, "Gitaa la Mama Satini lina sauti hilo!" Naye akaamini.

Kumbe tulikuwa tunalipima gitaa siku ambazo mtaa mzima umezimwa. Mashine ya kusaga kimya, mchomeleaji amekaa kwenye ndoo anakunywa chai, redio zote zimekufa. Siku kama hiyo hata mtu akikuna kichwa utamsikia.

Mambo yangeishia hapo kama si macho. Daktari alimpa miwani na kumwambia kazi ya shanga ndogo aanze kuiacha. Hakumwambia mtu. Nilijua kwa sababu alikuwa ananiita nimtungie sindano, akijifanya anatafuta kitu kwenye droo. "Mzee wa Spika, nitungie hiyo huku natafuta kifungo." Kifungo hakikuonekana hata mara moja. Baadaye aliniambia wazi, "Macho yananistaafisha kabla sijajistaafisha mwenyewe. Nitakula nini, satini?"

Meneja wa mgahawa mmoja wenye bustani alikuja kuchukua gauni la binti yake siku ambayo umeme haupo. Akamkuta anapiga, akasimama mlangoni mpaka akamaliza. Akamwambia aje Jumamosi alasiri apigie wateja, na ikienda vizuri atampa siku zake za kudumu. Basi kilichokuwa mezani ni hicho: kazi ya pili, kabla ya kwanza haijamtoka mikononi.

Jumamosi ile ya kwanza alikwenda na gitaa na miwani. Mgahawani kulikuwa na mashine ya juisi, feni, magari ng'ambo ya ukuta, na watu waliokuja kuongea. Gitaa lilimezwa. Mhudumu akaleta maikrofoni ya kutangazia, akaisimamisha mbele yake, spika kubwa ikiwa nyuma ya mgongo wake. Mama Satini akipiga huyumba, mara mbele mara pembeni, kama mtu anayesukuma kitambaa chini ya sindano. Akisogea, sauti inapotea. Wakiongeza, maikrofoni inajisikia yenyewe kutoka kwenye spika, mluzi unapanda mpaka watu wanaziba masikio. Mzee mmoja aliuliza kama kuna ambulensi.

Meneja hakuwa mtu mbaya. "Mama, kwako nilikusikia bila kitu chochote. Hapa nimekuwekea maiki na sikusikii. Njoo Jumamosi ijayo. Ikishindikana, kuna mpiga kinanda yuko tayari, na anakuja na vyombo vyake."

Katikati ya wiki waliingia dukani kwangu wawili, yeye na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa makamo anayejua kila kitu isipokuwa kilichomleta.

"Mzee wa Spika, nipe waya wa maana," shemeji alisema. "Huu umekufa."

"Umekufaje?"

"Nimechomeka, nimewasha, kimya. Kama nimechomeka kwenye ukuta."

Akaweka juu ya kaunta kinasa sauti cha kupachika kwenye tundu la gitaa, kinang'aa, bado kipya. "Hiki ndicho wanachotumia wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Wakubwa! Wale wa jukwaani."

Mama Satini alikuwa nyuma yake, amelishika gitaa kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Nikamuuliza, "Mama, nyuzi zako ni za nini?"

"Nailoni."

"Basi waya hauna kosa."

Nikaomba pini. Akachomoa moja kwenye kola. Niliileta karibu na kile kinasa, ikaruka kutoka vidoleni mwangu na kukigandia. Nikachukua kinasa chenyewe, nikakigusisha kwenye nyuzi za gitaa, moja baada ya nyingine. Hakuna uliosogea.

"Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba," nikawaambia. "Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, inausikia. Wa nailoni kwake ni hewa tu."

"Hizi tatu nene je?" shemeji akauliza. "Mbona zinang'aa? Si chuma hizi?"

"Zimevikwa shaba. Sumaku na shaba hawasalimiani."

Shemeji alifikiri kidogo, na mtu huyu akifikiri ujue gharama inakuja. "Basi tubadilishe nyuzi. Tunafunga za chuma, mambo yanaisha."

"Utafunga wewe," Mama Satini akasema, "na gauni la Ijumaa utalishona wewe."

Nikaongeza kwamba gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nyuzi za nailoni halibebi mvuto wa nyuzi za chuma. Lile daraja la mbao ambalo nyuzi zimefungiwa lingeng'oka siku moja katikati ya wimbo. "Kirudishe ulikokinunua," nikamshauri.

"Nilikinunua kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Alikuwa anapita."

Mama Satini hakuwa na pini mdomoni, lakini alimjibu kwa nyusi.

Sasa, mimi sikai dukani kutoa ushauri wa bure. Nilikuwa na vitu vya kuuza, na mteja mwenye Jumamosi inayomsubiri habishani sana. Nikamweleza njia zilizobaki. Maikrofoni nzuri ingewezekana, lakini ingemlazimu akae kama anapigwa picha ya kitambulisho, na bado ingenasa mashine ya juisi bure bila malipo. Kuna kinasa chembamba kinacholala chini ya ule mfupa unaobeba nyuzi kwenye daraja, kinasikia mtikisiko badala ya chuma. Hicho ni kizuri, ila lazima gitaa litobolewe na fundi anayejua.

"Sitoboi kitu ambacho sijakijaribu," akasema. "Sisi tunapima kwa pini kwanza. Mkasi unakuja mwisho."

"Basi kuna ndugu yake wa kubandika."

Nikatoa kinasa cha kubandika, duara dogo kama kifungo cha koti, na waya wake. Hiki nacho hunasa mtikisiko wa mbao, kwa hiyo hakijali uzi ni wa nini. Nikampa na ule udongo laini wa kubandikia usioacha alama. Akavua miwani, akainama, akaanza kutafuta mahali kwa masikio. Upande wa nyuzi nene, gitaa liliongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Upande wa nyembamba, likawa kuku anadonoa bati. Akabandua, akabandika, akabandua tena. Shemeji alichoka, akaanza kuzisifia spika. Mwisho kifungo kilikaa nyuma kidogo ya daraja, karibu na katikati, na Mama Satini akasema "Hapo," kwa sauti ile anayoitumia gauni likikaa kiunoni.

Likatoka tatizo jipya. Kinasa hicho hakichagui. Mbao ikiguswa, kinasema. Tulisikia pete yake, mkono wa blauzi ukifuta ubavu wa gitaa, na juu ya vyote, tik, tik, tik.

"Saa hiyo?" shemeji akauliza.

Ilikuwa ncha ya bati ya futi ya kupimia, inaning'inia kutoka shingoni na kugonga gitaa kila akiyumba. Akaivua, akaiweka kwenye kaunta, na shingo yake ikaonekana ngeni, kama ukuta ulioondolewa kalenda.

Nikamletea pia kisanduku cha betri cha kuweka kati ya gitaa na spika, kwa sababu sauti ya kinasa cha namna ile, ikiingia moja kwa moja kwenye mashine ya spika, hufika imekonda. Kisanduku huinenepesha, na kina vifundo vya kupunguza uzito au ukali. Alikichukua bila ubishi. Nikamletea kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa, maana tundu hilo nalo huanzisha mngurumo spika ikiwa karibu. Alikigeuza huku na huku, akapima upana kwa vidole, akanirudishia.

"Hiki nitashona."

Na kweli kesho yake alikuja na duara la kadibodi lililovikwa satini tabaka mbili, linaingia kwenye tundu barabara. Hiyo mali yangu ilibaki kwenye rafu, ipo hadi leo.

Vita vyenyewe vilikuwa vya spika. Nilikuwa na moja kubwa, refu kama kabati la vyombo, ambayo ilikuwa imenikalia dukani kwa muda mrefu. Nikaipiga kofi la mgongo kama ng'ombe wa mnadani. "Hii, Mama, hata mchomeleaji akiwasha, hatakushinda."

"Ndiyo hiyo!" shemeji akadakia. "Beba hiyo. Mpiga kinanda akiiona tu anarudi kwao."

Kizuri chajiuza, wanasema. Wanaosema hivyo hawajawahi kuuza spika. Kubwa nayo hujiuza, na haihitaji kuwa nzuri.

Mama Satini alitoa mfukoni chaki ya kukatia, akapiga goti, akachora bustani ya mgahawa kwenye sakafu yangu: ukuta, jiko, mlango, meza moja moja. Akasimama juu ya mchoro.

"Kabati lako likikaa hapa," akasema, "hii meza ya mbele itaziba masikio. Ile ya kule kwenye kona haitasikia. Nikiongeza ili ya kona isikie, hii ya mbele itahama. Ni kweli si kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilijua. Hukuniuliza."

Akacheka, na ndipo nilipojua kwamba bei imeharibika. Akachora nukta mbili, kila moja mwisho wake wa bustani, mbele ya mahali atakapokaa, zikiangalia watu badala ya kumwangalia yeye. "Nataka mbili ndogo. Gauni linakaa kwa mishono, halikai kwa wingi wa kitambaa."

"Shemeji, watakucheka," yule mwingine akasema. "Spika za kusikilizia taarifa ya habari hizo."

"Watakaocheka watakuwa wamesikia."

Tulivutana sana. Nilisema mbili ni mbili, haziwezi kuwa na bei ya moja. Yeye akasema ndogo ni ndogo, hazina uso wa kudai bei hiyo. Nilisema nakula nini. Akaniangalia tumbo, akasema sionekani mwenye shida hiyo. Mwishowe aliona vumbi lililolala juu ya mali yangu, akapitisha kidole, akakiangalia kidole. "Nitakushonea mifuko ya kuzifunika zote, kwa vipimo. Vumbi ndilo linalokuulia spika, Mzee, na wewe unawasingizia wateja." Nilikubali, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kupima kabla sijajibu.

Jumamosi nilikwenda mgahawani. Sikwenda kwa mapenzi. Vyombo vyangu vikifanya kazi mbele ya watu ni tangazo, vikishindwa nataka kuwa wa kwanza kusema aliyevifunga ni mwingine.

Mpiga kinanda alikuwa amekaa karibu na mlango na soda yake, kinanda kimo kwenye mfuko wake miguuni, na adabu zote za mtu anayesubiri mwenzake aanguke. Meneja alikuwa anazunguka. Shemeji alijipa kazi ya kukaa kwenye vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti. Spika zilikuwa pale pale alipozichora kwa chaki, juu ya stendi, kila moja kwenye kona yake.

Mama Satini alivaa gauni alilojishonea, mikono mifupi ili isifute mbao. Pete alikuwa ameivua. Akakaa, akarekebisha, akapiga sauti ya kwanza, ikatoka safi pande zote mbili. Nikashusha pumzi. Akaanza kuyumba.

Tik. Tik. Tik.

Safari hii ilikuwa ndani ya spika mbili. Kila meza iligeuka. Mwanamke mmoja alitazama saa yake ya mkononi. Mama Satini alikuwa amebadilisha nguo, amesuka nywele, amevua pete, halafu kwenye mlango wa nyumba yake akavaa futi shingoni kama anavyofanya kila asubuhi, bila kujijua. Mpiga kinanda alishusha soda mezani. Shemeji, kwa kutaka kuokoa jahazi, akaongeza sauti, na tik ikawa nyundo.

Hakusimama. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye shingo ya gitaa, wa kulia ukapanda, ukaivuta futi, ukaitundika kwenye stendi ya kuwekea karatasi iliyokuwa kando yake, ukarudi kwenye nyuzi. Kisha akamtazama shemeji, akashusha kidole chake chini, chini, chini zaidi, mpaka shemeji akarudisha kifundo mahali pake na zaidi kidogo. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Wawili walipiga makofi.

Ninaposimulia habari hii, wasikilizaji huwa wananisubiri niseme kwamba umeme ulikatika. Haukukatika. Mashine ya juisi ilisaga, magari yalipita, watu waliongea. Gitaa lilikuwa katikati ya hayo yote kwa kimo cha mtu anayezungumza vizuri. Ukitaka kulisikiliza, lipo. Ukitaka kuagiza samaki, unaagiza.

Nilimwona meneja akienda meza ya kona, anaongea, kisha meza ya mbele, anaongea. Nilidhani anauliza kama chakula kimefika. Mwisho wa zamu alimjia Mama Satini, na mimi nikasogea, maana panapotajwa masharti miguu yangu hujua njia.

"Nimeongea na kila meza na sikupaza sauti hata mara moja," meneja akasema. "Na kila meza ilisikia gitaa. Nakupa Jumapili alasiri."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi wanataka kucheza, Mama. Jumamosi nampa mwenye kinanda."

Mpiga kinanda akainamisha kichwa kwa heshima. Shemeji akafungua mdomo. Nyusi zikamfunga.

"Na Jumatano?" Mama Satini akauliza.

"Jumatano hakuna watu."

"Kwa hiyo unapoteza nini?"

Meneja alimtazama, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemfundisha. Sikumfundisha. Alipata Jumapili ya kudumu, na Jumatano kwa majaribio. Majaribio hayo hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

Kazi ya shanga ameiacha, maharusi wa shanga anawapeleka kwa fundi mwingine na kuchukua chake cha kuwaelekeza. Yeye anashona mishono mirefu ambayo macho yake bado yanaifuata. Kutoka kwenye kile kinasa cha kubandika hajahamia kwenye cha kutobolea. Nimemwambia mara nyingi kwamba wakati umefika, anasema bado anapima.

Juzi umeme ulikatika. Mashine ya kusaga ikanyamaza, mchomeleaji akakalia ndoo yake, mtaa ukawa kimya mpaka nikasikia jokofu la jirani likidondosha maji. Nilisubiri. Hakuna kitu. Muuza mitumba akapiga kelele kutoka kwenye kona, "Mama Satini! Umeme hamna na wewe umenyamaza?"

"Leo Jumanne!" akajibu kutoka ndani. "Gitaa ni Jumatano na Jumapili, pale kwenye bustani. Njoo uagize chakula."

Nilivuka kuchukua mfuko wa spika ya mwisho. Yote ameishona kwa mabaki ya satini, na duka langu sasa linaonekana kama maharusi wamepanga foleni. Nilimkuta ameinama sakafuni na kile kinasa cha shemeji, kile cha wakubwa wa jukwaani, amekifunga kwenye kipande cha upindo. Alikuwa anakipitisha juu ya sakafu polepole, na pini zilizodondoka tangu asubuhi zilikuwa zinaruka moja moja na kukigandia.

"Shemeji yako anajua?" nikamuuliza.

"Ndiye aliyeninunulia," akasema. "Mwambie nimeshukuru, kinafanya kazi."